Sisimizi Hafiki

Nyumbani kwa Mama Mdogo,
4 Februari

Kwako Baba,

Hujambo? Naandika hivyo kwa sababu barua huanza hivyo, na kwa sababu Mama Mdogo amevuta kigoda akakaa nyuma yangu aone kama nitakusalimu. Sisi wazima. Yeye mguu unamvimba asubuhi, jioni unapungua. Mimi sina ugonjwa wowote. Shikamoo siiandiki. Shikamoo hupewa mtu anayeingia mlangoni, na wewe mlango huu umeupa kisogo tangu nikiwa na meno ya utoto.

Barua yako ya kunipongeza kwa kumaliza shule imefika. Mwenye duka alikuja nayo mwenyewe, akainusa mbele yangu, akasema inanuka lami. Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilitafuta neno la maana, mara ya pili nilihakikisha kwamba halimo.

Baba wengine, mtoto akimaliza shule, humtumia kitambaa cha gauni, au hata maneno ya kumwonya kuhusu dunia. Wewe umenitumia chemshabongo. Eti kuna ukanda wa mpira wa mita moja. Sisimizi yuko ncha hii, anataka kufika ncha ile. Anatembea sentimita moja, anasimama. Mpira unavutwa, unarefuka kwa mita nzima. Anatembea sentimita nyingine, unavutwa mita nyingine. Hivyo hivyo bila kikomo. Mpira haukatiki, sisimizi hafi. Je, atafika? Na chini yake umeandika, kwa herufi kubwa kama za kibao cha barabarani, ATAFIKA.

Hafiki, Baba. Anayepiga hatua ya sentimita hawezi kuufikia mwisho unaokimbia kwa mita. Kwa hili huhitaji cheti, unahitaji macho. Tena umekosea mtu wa kumtania. Siku hizi nafanya kazi kwenye karakana ya sare za shule, kwa mama mmoja tunayemwita Mama Mkasi, na kutwa nzima nashona lastiki kwenye viuno vya sketi. Mpira naujua kuliko ninavyokujua wewe.

Lakini nimeelewa kwa nini sisimizi amekupendeza. Uliponiacha hapa baada ya kumzika mama, ulisema barabara ikifika darajani utarudi. Ikafika darajani. Ukaandika kwamba ikifika kilimani. Kilima kikapasuliwa. Ukaandika kwamba ikifika kwenye uwanda wa chumvi. Kambi ikihama nawe unahama nayo, na kila ukihama unasema sasa uko karibu kurudi. Sisimizi ni wewe. Ila yule wa kwenye chemshabongo namwonea huruma, kwa maana mpira wake unavutwa na watu wengine. Wako unauvuta mwenyewe.

Mama Mdogo anakusalimu. Mimi nimeshamaliza.

Ni mimi,
mtoto wa dada yake Mama Mdogo


Kambini,
27 Februari

Kwa binti yangu,

Marahaba. Najua hukuiandika, lakini mimi nimeshaipokea, na kitu kilichopokelewa hakirudishwi. Mimi sijambo, mgongo tu unanikumbusha umri. Wewe je? Kazi ya kuinama kwenye cherehani haijakuumiza shingo? Na mguu wa shemeji, mwambie aunyanyue juu ya mto anapolala.

Barua yako niliisoma kwa sauti mbele ya mpishi wa kambi, nikidhani ni ya kujivunia. Tulipofika kwenye kisogo na meno ya utoto, mwiko ukamtoka mkononi. "Mzee Kigingi," akaniambia, "huyo ni mtoto au ni msasa?" Ndivyo wanavyoniita hapa, kwa sababu kazi yangu ni kutangulia mbele ya magreda na kupigilia vigingi vya kuonyesha barabara itapita wapi.

Shemeji alipata kuniandikia kwamba ukitumwa dukani unarudi bila chumvi kwa kuona haya kumwita muuzaji, na kwamba mgeni akiingia unahamia nyuma ya pazia mpaka aondoke. Nilisikitika. Nikasema mtoto wangu mpole, watu watamwonea. Kumbe wa kuonewa ni mimi! Mdomo huo unauficha wapi mchana?

Hilo la kuuvuta mpira mwenyewe silijibu.

Ila sisimizi anafika. Si mimi ninayesema, ni mhandisi mmoja kijana aliyekuwa nasi hapa. Aliposimulia, nilibisha kama unavyobisha wewe, tena kwa kupiga meza. Akasema atakayeshindwa aoshe masufuria ya kambi. Nikayaosha, binti yangu, mpaka vidole vikakunjamana. Sababu alinieleza, na nililala nikiwa nimeielewa kabisa. Asubuhi nikaamka, imeondoka. Nimebaki na jibu tu, kama mtu aliyebaki na kifuniko, sufuria limeibwa. Wewe una cheti na una kichwa cha mama yako. Litafute sufuria.

Sasa tuwekeane dau. Sisimizi akifika, utanifungulia mlango na kunipa shikamoo yangu kwa mdomo wako, nami nitaaga hapa nije. Asipofika, sitakuandikia tena wala sitakuja kukusumbua. Usidhani sitaki kuja bila mchezo huu. Nataka. Lakini nikija bila kuitwa, wewe utatokea mlango wa nyuma, nami nitakaa na shemeji tukizungumza habari za mguu. Nalijua hilo kwa sababu ndivyo ambavyo ningefanya mimi.

Nasubiri.

Baba yako


Nyumbani kwa Mama Mdogo,
10 Machi

Kwako Baba,

Hujambo wewe na mgongo? Hapa hatujambo. Mama Mdogo ameunyanyua mguu juu ya mto, anasema amepata nafuu, na tangu jana anakutaja kama daktari. Shingo yangu haina neno.

Nimekubali.

Nimekubali hata kabla sijamaliza kuisoma barua yako, na nikacheka kwa sauti, jambo ambalo lilimfanya Mama Mdogo atoke jikoni akimbie kuja kuniangalia. Mtu anamweka mtoto wake juu ya mgongo wa sisimizi! Tena kwa hesabu ambayo ameisahau! Ningekuwa mcheza kamari ningeomba nicheze na wewe maisha yangu yote.

Hata hivyo sikutaka kushinda kwa dharau tu, kwa hiyo nimefanya jaribio. Jana mchana wenzangu walipotoka kula, nilibana ncha ya lastiki kwenye ukingo wa meza ya kukatia, nikaweka kifungo cha shati juu yake kiwe sisimizi. Nikakisogeza kidogo, nikavuta. Nikakisogeza, nikavuta. Kila nikivuta, mwisho unakimbia. Mama Mkasi akaingia, akanikuta nimenyoosha mikono kama mtu anayepima samaki wa uongo.

"Bubu," akasema, maana ndilo jina alilonipa, "hiyo ni sketi ya nani?"

Kwake huwa sijibu, ndiyo maana ananiita hivyo.

"Eti huyu ndiye aliyefaulu," akawaambia wengine walipoingia. "Anacheza na kifungo. Kesho tutamletea njuga."

Umefanya watu wanicheke, lakini jibu nimelipata. Baada ya hatua mia, sisimizi wako ametembea mita moja. Mpira umevutwa mara mia, una mita mia moja na moja. Zimebaki mita mia. Baada ya hatua elfu, ametembea mita kumi, mpira una mita elfu moja na moja. Kadiri anavyojitahidi ndivyo safari inavyomzidi. Nimekagua mara tatu. Mhandisi wako ama alikuwa mjinga, ama alikuwa na masufuria mengi machafu.

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa akisema mtu aliyenyimwa nafasi ya kujieleza hajashindwa bado. Basi nakupa nafasi. Lete sababu. Ukiikosa, timiza ahadi yako, japo najua kutimiza si desturi yako.

Ni mimi,
mshona lastiki


Kambini,
6 Juni

Kwa mshona lastiki,

Salamu. Natumaini mnaendelea vizuri nyote wawili. Mimi nipo.

Ile marahaba ya barua iliyopita nairudisha. Nilisema kilichopokelewa hakirudishwi, lakini ile haikuwa yangu.

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa naitafuta sababu. Yule mhandisi alihamishwa, na hakuna hapa anayejua alipelekwa wapi. Nikachukua kipande cha tyubu ya baiskeli, nikakitia tone la lami liwe sisimizi, nikaanza kuvuta. Kilikatika, kikanichapa usoni, na ile lami ikanibaki chini ya jicho kwa wiki nzima. Nikawauliza madereva wa magreda. Nikamuuliza mpishi. Nikamuuliza mkaguzi wa kampuni alipokuja, mtu wa miwani. Wote wamesema uliyosema wewe, na wote wamecheka. Mwisho nikachuchumaa na kijiti, nikachora mchangani. Hatua mia, mita moja. Nikafika palepale ulipofika.

Basi hafiki. Nadhani kijana yule alitaka tu kuoshewa masufuria.

Umeshinda, binti. Maneno niliyokupa huko nyuma sikuyatunza hata moja, nawe umeyataja yote bila kuacha. Hili nitalitunza. Sitakuandikia tena. Barabara imebakiza kipande kidogo kufika mpakani, na kampuni inataka watu wa kuvuka nayo kuendelea upande wa pili. Nilikuwa sijajiandikisha, nilikuwa nangoja sisimizi. Majina yanafungwa mwisho wa mwezi huu. Nitaandika langu.

Mwambie shemeji asishushe mguu ule mtoni. Mto, namaanisha ule wa kulalia.

Usiinamie cherehani sana.

Mzee Kigingi,
mpiga vigingi


Nyumbani kwa Mama Mdogo,
15 Juni

Kwako Baba,

Hujambo? Sisi wazima. Jibu la hapo ulilete mwenyewe.

Barua yako ilifika jana asubuhi, na niliifurahia. Nataka ulijue hilo kwanza. Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, nikaikunja, nikaenda kazini nikiimba kimoyomoyo. Siku zote nilikuwa nikisema wewe ni mtu wa kukata tamaa, na sasa nilikuwa na ushahidi wenye saini. Nilijiona nina akili kuliko kambi nzima, na kwa furaha hiyo nikaharibu sketi.

Nikueleze jinsi lastiki inavyoshonwa. Kiuno cha sketi ni kipana, lastiki ni fupi, na sharti ienee sawasawa pande zote. Kwa hiyo hatuipimi. Tunaikunja mara mbili, tunaweka chaki kwenye mikunjo, zinapatikana alama za robo, nusu na robo tatu. Kiuno nacho tunakikunja vivyo hivyo. Tunabana alama kwa alama kwa pini, kisha tunashona huku tunavuta. Hata mgeni wa siku moja anafundishwa hili. Lakini jana mimi nilikuwa mshindi, na mshindi hakunji. Niliilaza lastiki, nikatia alama ya kwanza kwa tepu. Kisha nikaivuta mpaka ikatosha kiuno, nikaendelea kuhesabu sentimita kwenye tepu ileile kutoka pale nilipoachia, kana kwamba alama yangu ya kwanza haikusogea. Nikashona. Nikashona nyingine. Mpaka Mama Mkasi alipozinyanyua juu, zilikuwa zimekunjamana upande mmoja kama gunia lililofungwa na mlevi.

"Bubu! Mtoto wa watu atavaa hii, au ataibeba?"

Nikainama.

"Mpira unakunjwa, haupimwi! Nimesema mara ngapi? Kaa hapo ufumue zote. Na hicho cheti chako kilete kesho, tukatie ruwaza ya mfuko."

Nikakaa na wembe nafumua. Pembeni yangu zilikuwapo lastiki nilizozitia alama juzi, kwa kukunja. Nikaichukua moja, nikaivuta kwa hasira. Alama ya nusu ilikuwa nusu. Nikaivuta zaidi. Ikabaki nusu. Nikaivuta mpaka ikalia. Baba, sentimita zote zilikuwa zimebadilika, na ile nusu haikutikisika.

Wembe ukanikata kidole, sikuhisi.

Umeelewa? Hapana, hujaelewa, wewe ungeelewa ulale, kesho uamke imeondoka. Kwa hiyo naandika polepole, na karatasi hii usiipoteze. Mpira ukivutwa, sisimizi haachwi alipokuwa. Anabebwa. Akiwa amemaliza nusu ya njia, hata uuvute mpaka mwezini, bado amemaliza nusu. Kuvuta hakuwezi kumnyang'anya sehemu aliyokwisha kuipita. Mimi na wewe na mkaguzi wako wa miwani tulihesabu miguu yake tu, tukasahau kwamba na ardhi yake inakwenda.

Nikachora kwa chaki juu ya meza ya kukatia. Mstari wa kwanza shibiri moja, wa pili shibiri mbili, wa tatu tatu, wa nne nne. Hatua ya sisimizi nusu shibiri, yaani anavutiwa mpira mara mbili ya hatua yake. Ungesema hafiki. Mstari wa kwanza: hatua moja, yuko nusu. Wa pili: amebebwa, bado yuko nusu, akaongeza hatua, yuko robo tatu. Wa tatu: yuko robo tatu, akaongeza hatua, kimebaki kipande kama upana wa vidole vitatu. Wa nne: kile kipande kimevutwa kidogo, lakini hakifiki hata nusu shibiri. Akapiga hatua, akapita.

Mama Mkasi alikuwa amesimama nyuma yangu sijui tangu lini.

"Na hiyo nayo ni nini, Bubu?"

"Amefika," nikasema.

Mashine zikasimama. "Amesema!" akapiga kelele mmoja. "Nani kafika?" akauliza mwingine, akachungulia mlangoni. Mama Mkasi aliutazama ule mstari wa nne, kisha mimi. Akasema, "Akishafika, mwambie asaidie kufumua."

Sasa yule wako wa sentimita moja. Hatua yake ya kwanza ni sehemu moja ya mia ya njia yote. Ya pili ni nusu ya hiyo, ya tatu theluthi yake, ya nne robo yake, zinazidi kupungua. Lakini theluthi na robo ukizijumlisha zinazidi nusu ya ile sehemu ya kwanza. Nne zinazofuata zikijumlishwa zinazidi nusu nyingine. Nane zinazofuata, nusu nyingine tena. Kila mara inabidi achukue hatua nyingi zaidi, ila nusu haziishi, na nusu zisizoisha hujaza pipa lolote. Anafika. Mhandisi wako alisema kweli, na masufuria uliyaosha kwa haki.

Kwa hiyo ulikuwa umeshinda, Baba. Ulikuwa na ukweli mkononi tangu Februari, ukautupa kwa sababu madereva wamecheka. Nimewahi kuona watu wakishindwa, na nimewahi kuona wakishinda. Mtu anayeshinda halafu anaomba radhi na kuondoka sijamwona ila wewe. Hata kushinda kunakushinda! Na neno la kwanza unaloamua kulitunza katika maisha yako, linakuwa lile la kutokuja.

Ningeweza kunyamaza. Ulishatia saini, na kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote. Lakini nimesomea hesabu, siwezi kulala juu ya jibu ambalo si sahihi.

Usije ukajisifu, pia. Nimejaribu kukadiria yule wa sentimita moja atachukua muda gani, nikaacha, kwa sababu jua litakuwa limezimika. Anafika, ndiyo. Ila kwa mwendo huo hakutakuwa na mtu wa kumfungulia. Tofauti yake na yule wa meza yangu ni urefu wa hatua tu. Na usiligeuze hili kuwa fumbo la maisha yako, ukaanza kuwasomea wapishi. Sisimizi ana udhuru, hana usafiri. Kambini kwenu malori yanarudi huku matupu kuchukua saruji. Mwenye duka ameniambia. Nilimuuliza mimi mwenyewe, kwa mdomo, tena mbele ya watu.

Majina yanafungwa mwisho wa mwezi. Kama umeshaandika la kwako, lifute. Kama walitumia wino, watafute wembe, mimi niliupata.

Mama Mdogo ameisoma barua hii juu ya bega langu. Akaniuliza, "Sasa hii ni kumwita au ni kumfukuza?" Nikamwambia ni masahihisho. Akaenda kukipangusa vumbi kile kiti cha pembeni ambacho hakikaliwi na mtu.

Mlango wetu una komeo bovu. Usigonge, hatutasikia, sukuma kwa bega. Usitegemee mazungumzo. Nitakuwa kwenye kigoda karibu na dirisha, na ukinitazama nitaangalia chini. Lakini nyuma ya pazia sitakuwapo, na mlango wa nyuma nitaufunga mwenyewe.

Shikamoo yako nitaisema mara moja tu. Sauti yangu ni ndogo, kwa hiyo usije ukasimama mbali.

Mwanao